Tabora hadi Gombe kwa treni na boti ya abiria: siku saba na Mama

Mama yangu alizaliwa Mwamgongo, kijiji unachokikuta ukishaimaliza Hifadhi ya Gombe, ule msitu wa sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, kwa upande wa kaskazini. Utotoni mwake kwenda Kigoma mjini ilikuwa ni kupanda boti, na boti lazima ipite mbele ya ule msitu. Ameupita mara zisizo na hesabu. Kuingia ndani, hata siku moja. Akaolewa Tabora, akatulea huko, na kila Kigoma ilipotajwa sebuleni alikuwa na neno lake: "Gombe nimeiona kwa macho, mguu haujafika."

Desemba 2025, binti yetu alipomaliza mtihani wa kidato cha nne, baba yake alimuuliza anataka zawadi gani. Sote tulijua atataja simu. Akasema, "Nataka twende Gombe na Bibi."

Tulikwenda watano: Mama mwenye miaka 67, mimi na mume wangu, binti wa miaka 17, na kitindamimba wetu wa miaka tisa. Nimeyaandika haya baada ya kurudi, nikisaidiwa na daftari la matumizi na picha za binti, kwa sababu nilipokuwa nikiulizia njia nilipata maelezo mengi ya watalii wa ndege na boti za kukodi, na machache sana ya familia kama yetu.

Siku ya kwanza, Jumanne 16 Desemba: Tabora

Mchana wote ulikwisha kwenye kufungasha. Hifadhini hakuna duka wala genge, chakula unakwenda nacho. Tulibeba mchele kilo nne, unga kilo tatu, maharage, vitunguu, nyanya mbichi zisizopondeka haraka, sukari, majani ya chai, mafuta, sabuni, tochi mbili. Mama akaongeza kapu la maembe. Ni msimu wake, na maembe ya Tabora hayahitaji kusifiwa. Nikamwambia, "Mama, tunakwenda porini, hayo ni ya nani?" Akajibu, "Siendi kwetu mikono mitupu. Mtu hakosekani."

Tulipanda treni usiku. Ni kama kilomita 400 hadi Kigoma, na nilizilala karibu zote. Kaliua, pale reli ya Mpanda inapochepuka, nilisikia sauti za wauza chai tu nikageuka upande wa pili. Uvinza kulikuwa kumeshapambazuka na chumvi inanadiwa chini ya madirisha; mume wangu alinunua mifuko miwili, kwa kuwa kwao hairudiwi safarini bila chumvi ya Uvinza.

Ukisafiri na mzee au mtoto, kata tiketi ya behewa la kulala, na ikate mapema. Desemba wanafunzi wanarudi makwao na nafasi huisha.

Siku ya pili, Jumatano 17 Desemba: Kigoma

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na jengo la stesheni la Wajerumani bado ndilo linalopokea wageni. Ukitoka nje, ziwa liko pale pale. Kitindamimba wetu hakuwahi kuona maji mengi kuliko bwawa la Igombe. Alisimama na begi lake mgongoni, akauliza ng'ambo ile ni wapi. Babu mmoja aliyekuwa akingojea mizigo akamwambia, "Ile ni Kongo, mjukuu wangu," na mtoto akarudia lile neno taratibu.

Tulichukua vyumba viwili mtaa wa Mwanga, shilingi 30,000 kila kimoja, safi, maji yapo. Mchana tulikula migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo, 6,000 sahani, samaki mzima amelala na kichwa chake. Mama alikula kimya, akamaliza, akanyonya mifupa ya kichwa mmoja mmoja, kisha akasema ugali wa muhogo wa Tabora hatautaka tena. Jioni tulifika Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, tukapiga picha chini ya miembe.

Jambo lililonisumbua siku hiyo lilikuja kwa simu. Nilikuwa nimempigia mhifadhi kuuliza malipo, akanitumia kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini, na akiwa anaandika umri wetu akasimama kwa huyu wa mwisho. Kuwafuata sokwe ni kuanzia miaka 15. Mtoto anaruhusiwa hifadhini, anaruhusiwa ufukweni, ila msituni kwa sokwe haendi. Sababu aliieleza vizuri: watoto hubeba mafua na magonjwa mengine kirahisi, na ugonjwa wa binadamu humwingia sokwe. Mwaka 1966 polio iliwapata sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakapooza mikono na miguu. Nilikubaliana naye moyoni, lakini aliyepaswa kuambiwa alikuwa anaruka juu ya kitanda.

Baba yake ndiye aliyemwambia. Alilia. Kisha mume wangu akasema yeye naye hatakwenda kwa sokwe, watabaki wawili ziwani, na jambo hilo alilisema kama vile ndilo alilolitaka tangu Tabora. Nilimpenda upya.

Kwa hiyo, wazazi: ulizeni umri kabla ya kumwahidi mtoto. Ada ya Mtanzania ni ndogo mno ukilinganisha na ya mgeni wa nje, nayo hulipwa kwa kontroo namba. Usiende na fedha taslimu ukitegemea kulipa getini. Lipeni mkiwa mjini penye mtandao wa uhakika.

Siku ya tatu, Alhamisi 18 Desemba: Kibirizi, na hatukuondoka

Boti za abiria za kaskazini huondokea mwalo wa Kibirizi, bajaji kidogo tu kutoka mjini. Huanza kupakia saa sita mchana na kuondoka zikijaa, mpaka saa tisa hivi. Tulifika saa tano na nusu. Saa saba wingu lilisimama juu ya ziwa upande wa kusini, jeusi, na maji yakabadilika rangi kabla hata upepo haujatufikia. Nahodha alilitazama, akazima mashine, akasema leo hapana. Hakuna aliyebishana naye, hata mwanamume mmoja aliyekuwa amekwishapakia mabati yake yote.

Mvua ilitukuta tukiwa na mabegi mchangani. Mama mmoja muuza dagaa akatupungia mkono tuingie chini ya turubai lake. Mama yangu akamsalimu kwa Kiha, "Mwidiwe," na yule mama akaitikia, akamwangalia, akauliza ni wa wapi. Mwamgongo. Wa kwa nani? Mama akataja jina la baba yake. Yule mama akaweka chini beseni. Shangazi yake aliolewa ukoo ule.

Kuanzia hapo hatukuwa wateja tena. Tulikaa pale saa mbili na zaidi. Alitutengenezea chai, akakaanga dagaa wabichi kwa mawese mbele yetu: mafuta mekundu yakichemka, chumvi, pilipili moja nzima, dagaa wanatupwa ndani wakiwa bado wanang'aa kama vipande vya bati, na dakika chache tu wameiva. Tulikula kwa mikono kutoka sufuria moja. Nilipotoa pesa alinishika kiganja akakifunga. Hapo Mama akavuta kapu lake la maembe, akampa lote, akanitazama.

Alitufundisha pia kununua. Dagaa walioanikwa kwenye chanja, zile meza za wavu zilizoinuliwa, hawana mchanga na bei yao iko juu. Walioanikwa chini mchangani ni rahisi lakini utawaosha mpaka uchoke. Chukua dagaa mmoja, uvunje: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda ataoza ndani ya mfuko kabla hujafika kwako. Na anayewataka wabichi aangalie kalenda mara mbili. Kwanza mwezi: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, wavuvi hupumzika. Pili kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Anayekuja Juni akiota dagaa wa kukaanga anaweza kurudi na njaa yake.

Tukarudi Mwanga kulala tena. Shilingi 60,000 ambazo hatukuzipangia. Panga siku moja ya akiba, ziwa halina haraka yako.

Siku ya nne, Ijumaa 19 Desemba: ziwani

Asubuhi maji yalikuwa kama kioo. Tuliondoka saa nane kasoro. Boti ni ya mbao, ndefu, mashine moja nyuma, turubai nusu. Viti ni mzigo wenyewe: tulikaa juu ya magodoro, mbele yetu kreti za soda, mifuko ya saruji, cherehani, na kuku waliofungwa miguu. Nauli 6,000 kila mtu mzima, mtoto nusu, mizigo 2,000. Omba jaketi la uokozi kabla ya kukaa, na uvute kamba zake uone. Moja kati ya tuliyopewa kamba ilikuwa imekatika. Nikasema, likabadilishwa bila maneno.

Boti ya kukodi ya peke yenu hufika kwa saa moja au na nusu, na bei yake ingekula bajeti yetu yote. Hii ya abiria ilituchukua saa mbili na nusu kwa kilomita kama 16, kwa sababu inasimama. Kila kijiji ni hivyo hivyo: inasogea mpaka kidevu chake kiguse mchanga, watoto wanaingia majini kupokea mizigo, mtu anashusha gunia, mwingine anapanda na mtoto mgongoni, tunasukumwa, tunaondoka. Kalalangabo. Mtanga. Mama alikuwa akivitaja kabla hatujavifikia.

Kitindamimba alitaka kujua chini kuna urefu gani. Binti akamwambia Tanganyika ni ya pili duniani kwa kina baada ya Baikal ya Urusi, na mahali penye kina kirefu ni zaidi ya mita 1,400. Akauliza ni minazi mingapi. Walihesabu kwa muda mrefu.

Mimi nilikuwa naangalia milima. Kutoka Kigoma kuja juu imevuliwa nguo: mihogo na migazi ya mawese imepandwa mpaka karibu na vilele, na mvua mpya zilikuwa zimechora mifereji myekundu inayoshuka hadi ziwani. Halafu ghafla, mstari. Hapa shamba, hapa msitu, mweusi kwa ukijani, mabonde yamejaa miti mpaka ukingo wa maji. Mama akanishika goti. Alisema alipokuwa mtoto mstari huo haukuwepo, miti iliendelea tu, na hakuna aliyejua hifadhi inaanzia wapi mpaka aambiwe.

Ramani haiiiti Gombe kisiwa. Lakini barabara hakuna, nchi kavu yake ni kama kilomita za mraba 35 tu, ziwa upande mmoja na mashamba pande tatu. Sokwe walio ndani hawana pa kwenda. Jane Goodall mwenyewe, mtafiti aliyewafanya sokwe wa Gombe wajulikane, aliliona hilo kutoka angani mwanzoni mwa miaka ya 1990, milima mitupu kote kuizunguka Gombe, na taasisi yake ikaanza mwaka 1994 mradi wa TACARE wa kufanya kazi na vijiji hivi: vitalu vya miti, afya, mikopo ya akina mama, masomo kwa wasichana. Vijiji kadhaa sasa vimetenga misitu yao ya akiba. Nyuma ya mashamba tuliona vichaka virefu vinavyorudi kuwa miti, na Mama, ambaye macho yake ya mbali ni mazuri kuliko yangu, alivionesha kwa kidole kimoja kimoja.

Boti ikageuza kichwa kuelekea Kasekela, kituo cha hifadhi wanakoshukia wageni. Wenzetu wa boti walishusha mizigo yetu, mkono kwa mkono. Kijana mmoja akamwambia Mama, "Bibi, nipe mkono," akambeba mgongoni kabisa mpaka pakavu, akaingia tena majini akikimbia kwa kuwa boti ilikuwa inaondoka. Hatukumuuliza jina. Mama alivua ndala zake, akasimama peku kwenye changarawe za Gombe, na hakusema kitu.

Nyumba ya kupumzikia ya hifadhi ina wavu wa chuma madirishani na barazani. Si kwa ajili ya wezi wa kibinadamu. Nyani wa pale wanajua mkate, wanajua ndizi, wanajua zipu ya begi. Usile nje, usiache mlango wazi hata kwa kuchota maji. Usiku tulipika wali na maharage, tukatoka kuangalia ziwa. Mwezi haukuwepo. Taa za wavuvi zilikuwa zimetanda mstari mrefu kama mji uliojengwa juu ya maji, na Mama akaanza kutueleza kwa mlio wa mashine ni nani anakwenda na nani anarudi, kama ambavyo baba yake alimfundisha.

Siku ya tano, Jumamosi 20 Desemba: msituni

Wapo watu wanaotangulia alfajiri kuwatafuta sokwe walikoamkia, kisha humpa mwongozaji habari kwa redio. Tulikaa tayari tangu saa moja: mimi, Mama na binti, viatu vya kufunga, barakoa mfukoni. Nilikuwa nimemwandaa Mama kwamba huenda wakawa juu sana na asiweze. Milima ya Gombe ni ya kupanda kwa mikono na miguu, na Desemba udongo unateleza. Saa tatu redio ikasema: wako bonde la Kakombe, chini chini.

Mwongozaji alimkatia Mama fimbo, akamwamkia, akaweka mwendo wake kwenye hatua za Mama tangu hapo mpaka mwisho. Tulitembea chini ya miti mikubwa kando ya kijito. Alitusimulia kazi ilivyoanza tarehe 14 Julai 1960, Goodall aliposhuka kwenye boti akiwa na miaka 26, na kwamba serikali ya wakati ule haikukubali msichana akae peke yake, ndipo akaja na mama yake mzazi, Vanne. Mama akasimama njiani. Akasema mama yake alimsimulia habari za mama wa kizungu aliyekuwa akigawa dawa kwa wavuvi pale ufukweni. Mwongozaji akasema ndiye. Vanne alifungua kijizahanati chake cha hema, na watu wa vijiji hivi walimwendea. Mwaka huo Mama alikuwa na miaka miwili.

Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, miezi miwili na nusu kabla ya safari yetu, akiwa na miaka 91. Mwongozaji alimzungumzia kama mtu wa nyumbani, na aliwataja pia kina Hilali Matama na Yahaya Alamasi, wenyeji waliowafuata sokwe mwaka hadi mwaka, wakiandika nani kala nini na nani kazaa. Binti aliandika majina hayo kwenye simu. Darasani, alisema, hakuwahi kuyasikia.

Kisha akainua mkono. Tukavaa barakoa.

Walikuwa watatu, kwenye kichuguu: jike mtu mzima, binti yake ambaye bado hajakomaa, na mtoto mdogo. Umbali unaotakiwa ni mita 10, na muda ni saa moja. Yule mama alikuwa amekaa kama anavyokaa mtu kwenye kigoda, mgongo wake kwetu nusu. Alichuma kijiti cha jani, akakipitisha katikati ya midomo kukisafisha, akakikata ncha kwa meno. Akakwangua kichuguu kwa kidole mpaka tundu likafunguka, akakiingiza kijiti polepole akikizungusha kiganja kufuata njia iliyopinda ndani. Akangoja. Alipokivuta, mchwa walikuwa wameng'ang'ania kote, na akakiegemeza nyuma ya mkono mwingine ili wasidondoke, akawaokota kwa midomo mmoja mmoja. Unasikia wanavyotafunwa.

Jambo hili Goodall aliliona hapa mwaka ule ule wa 1960, na dunia ikalazimika kuandika upya maana ya mtu kama kiumbe pekee atengenezaye zana. Mvua za kwanza ndio wakati wake mzuri. Nilikuwa nimelisoma. Sikuwa nimejua kwamba nitamwangalia zaidi yule binti sokwe. Alikuwa amekaa karibu kabisa, uso wake umekaribia mkono wa mama yake, akifuata kijiti kwa macho kinapoingia na kinapotoka. Baadaye akachuma chake. Kilikuwa kinene, hakikuingia. Akakitupa, akachukua kile alichokiacha mama yake, akaingiza, akavuta, mchwa wawili. Mwongozaji akanong'ona kwamba watafiti waliona hapa Gombe mabinti hujifunza kazi hii mapema kuliko wavulana, kwa sababu wao hukaa kumtazama mama muda mrefu, wavulana wanacheza.

Mama alikuwa ameegemea fimbo, barakoa imepanda mpaka chini ya macho. Binti yangu alikuwa amemshika mkono. Hakuna aliyepiga picha kwa muda mrefu, ndiyo maana nina picha mbili tu za saa ile, na zote ni za mgongo.

Tulirudi kwa kupitia maporomoko ya Kakombe, maji yanashuka kwenye ukuta wa mwamba na upepo wake unalowesha nguo. Mama alinawa uso.

Ukiwa na mafua, sema ukweli usiende. Nguo za mikono mirefu, soksi ndani ya viatu, maji lita moja na nusu kila mtu, na chakula kisibebwe kabisa.

Siku ya sita, Jumapili 21 Desemba: ufukweni

Boti za abiria hazitembei Jumapili. Kwetu ilikuwa bahati. Kitindamimba, ambaye nilimwonea huruma jana nzima, alikuwa amekwishakuwa mtaalamu. Alinipeleka kwenye mawe, maji yanayoonesha mpaka changarawe ya chini, akanionesha samaki wadogo wa rangi. Mhifadhi mmoja alikuwa amemweleza kwamba wengine huyalea mayai na watoto wao ndani ya kinywa, na kwamba mama mwenye watoto kinywani hali chakula. Alimtafuta samaki wa namna hiyo asubuhi yote akiwa amelala kifudifudi juu ya jiwe, baba yake amemshika miguu. Akampata, au alisema kampata: mwenye mashavu yaliyovimba.

Mchana nyani dume alimnyang'anya mume wangu sabuni ya kufulia, akailamba, akaiacha.

Mama alifua kanga zake, akaanika kwenye wavu wa baraza, akatutembeza ufukweni. Alitaka kutuonesha mahali. Kabla Gombe haijawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, na hata baadaye kidogo, wavuvi walikuwa wakipiga kambi kwenye fukwe hizi msimu wa giza na kuanika dagaa. Baba yake alikuwa mmoja wao. Mama alibaki kijijini na mama yake, wasichana hawakuletwa kambini. Alitembea mpaka kwenye mdomo wa kijito kimoja, akaangalia mawe matatu makubwa, akasema huenda ni hapa, baba alikuwa akiyataja mawe. Akaokota kokoto moja kuitazama, akairudisha. Hifadhini hakiondolewi kitu.

Siku ya saba, Jumatatu 22 Desemba: kurudi

Boti za kutoka Kagunga na Mwamgongo hupita alfajiri. Saa kumi na mbili lazima uwe ufukweni na tochi, umpungie nahodha, asipokuona anapita. Mhifadhi alikuja kutusimamisha boti mwenyewe. Ilikuwa imejaa magunia ya dagaa na wanawake wanaokwenda sokoni, wakajibana, Mama akapewa nafasi katikati. Watu wa Mwamgongo. Kabla jua halijachomoza vizuri walikuwa wamemaliza kuulizana nani yuko hai.

Kibirizi tulinunua dagaa wa chanja kisado kimoja kwa yule mama wa turubai. Safari hii alikubali kulipwa. Usiku treni. Kesho yake Tabora.

Ni nyumbani, wakati wa kufungua mabegi, Mama alipogundua kanga moja haipo. Ilibaki kwenye wavu wa baraza. Ilikuwa imechakaa, nikamwambia nitamnunulia nyingine. Akasema si kanga, ni pindo: ameifungia kitu. Nikampigia mhifadhi. Alikuwa ameshaiokota.

Alimpa nahodha. Nahodha akamwachia mama wa Kibirizi. Yule mama akaipeleka stesheni, akamtafuta abiria wa Tabora, akampa na namba yangu ya simu. Tarehe 9 Januari nikapigiwa na kijana nisiyemjua, nikaenda kumpokea. Kanga ilikuwa imefuliwa, imekunjwa ndani ya gazeti pamoja na dagaa kiasi cha sahani mbili, imeshika harufu yote. Mama aliitandaza mapajani, akatafuta pembe. Fundo lilikuwa vile vile alivyolifunga mwenyewe, na noti yake ya elfu tano ndani.